Chungu cha Mapera

Habari kwamba trekta inakuja, Beldina aliipatia sokoni Malava, kwa mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuipata kwa shemeji yake Were, ambaye nyumba yake na ya Beldina zinasikilizana kikohozi. Aliipata kwa muuza omena, kwa sababu mume wa mama huyo alikuwa nyapara wa kampuni ya miwa, na miaka ile ya sabini, kama hukuolewa na mtu wa kampuni, hukujua hata shamba lako mwenyewe litalimwa lini.

"Kumbe mmetoa na lile la chini?" mama yule aliuliza huku akimpimia. "Mume wangu ameliona kwa orodha. Jumatatu, si hii, ile ingine. Wameandika: Were, kipande cha nne."

Beldina aliziacha omena pale pale juu ya gunia. Alitembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu, na watu wa huko husalimiana hata wakikimbia mvua.

Kipande cha nne kilikuwa cha mwisho. Lilikuwa shamba dogo lililoteremka kutoka nyuma ya jiko lake hadi kijitoni, la mahindi, maharagwe, kunde na viazi vitamu, na ukingoni mwake mipera iliyojiotea bila kupandwa na mtu. Vipande vitatu vya kwanza vilishamezwa na miwa. Na vilimezwaje? Mwaka wa sitini na nane wapimaji walipopita na minyororo yao, waliandika jina moja kwa kila boma. Were alikuwa mkubwa, akaandikwa. Mdogo wake Andati, mume wa Beldina, akaambiwa, "Huyu si ndugu yako? Una wasiwasi gani?" Hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulikuja miaka saba baadaye umevaa viatu vya ngozi, umebeba mkataba na kalamu, ukamuuliza Were peke yake, kwa kuwa karatasi ilimjua Were peke yake.

Miwa ilikuwa imefika milangoni. Watu waling'oa mihogo, wakang'oa wimbi, ule ulezi wa uji na pombe, wakang'oa hata migomba iliyowasitiri choo, hadi mtu akienda haja alikuwa akienda ndani ya miwa. Na dukani sukari hakuna! Mtu aliamka katikati ya sukari iliyomzidi kimo, akanywa chai ya chumvi. Kuna waliosema hayo ni maendeleo. Waliosema hivyo walikuwa wakipita kwa gari.

Kipande cha kwanza kiliondoka Andati akiwa hai, kwa mapatano. Cha pili kiliondoka matanga ya Andati hayajaisha. Cha tatu kilikuwa shamba la wimbi la Beldina, na hicho hakikuondoka kimya. Siku hiyo aliving'oa vigingi vyote vya kampuni akavichemshia maharagwe, kisha akaenda akasimama mbele ya mlango wa Were, akainua mkono wa kulia, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya kijito: "Were! Kuanzia leo hutakunywa kitu kilichopita kwenye mkono huu!"

Vigingi vilirudishwa, miwa ikapandwa. Neno likabaki. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu Were hajanywa hata maji kwa Beldina. Kanisani, Beldina akishika birika la chai, Were alikumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa. Matangani walikaa kila mtu upande wake. Hakuna aliyeliamini neno lile sana, na hakuna aliyethubutu kulijaribu. Ndivyo lilivyopata nguvu.

Sasa ilibidi Beldina aende kumwomba mtu huyo huyo asimtoe kwenye shamba la mwisho, na hangeweza kumwomba kabla ya kulirudisha neno.

Alimwendea Mzee Shikanga, ami yake Andati na Were, ambaye boma zima lilimwita Kuka, yaani babu. Shikanga hakuwa na hekima yoyote ya kusifiwa. Alikuwa na umri, na alikuwa na kiu, na katika ukoo ule ndiye pekee aliyebaki anayejua neno la namna hiyo linarudishwaje.

"Kuka, nimekuja."

"Nimekuona. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja na mdomo wangu. Nataka kurudisha lile neno."

"Lipi? Wewe maneno yako ni mengi."

"La Were."

Mzee aliacha kujikuna. "Aa. Hilo. Basi linarudishwa na mkono ule ule. Upike busaa, pombe ya kwetu. Wewe mwenyewe, si Pascalia, si nani. Mahindi ya shamba lako, maji ya kisima chako, kimera cha wimbi yako. Cha kununua mimi sikijui. Mkae na chungu kimoja, wewe na yeye, kila mtu na mrija wake, na mimi katikati. Yeye avute kwanza. Akivuta ikapanda, imekwisha. Na usije ukaionja kabla yake! Mpishi akitangulia kuonja ni kama amemnyima mwenzake mara ya pili."

"Na isipopanda?"

"Busaa isipande kwani ina homa?"

Hapo ndipo Beldina alipotakiwa kusema: Kuka, wimbi sina, shamba la wimbi lina miwa. Hakusema. Aliogopa mzee angesema basi haiwezekani, na trekta ilikuwa na siku tisa tu.

Shikanga alikwenda kwa Were na kurudi na jibu. Were angekuja Jumamosi, siku mbili kabla ya trekta. "Lakini amesema hivi," mzee aliongeza, "nikienda nikanyimwa pale mbele ya watu, sirudi tena. Na trekta ipite."

Beldina akaanza kazi. Aliloweka unga wa mahindi ukachacha siku tatu. Kisha akaukaanga juu ya bati, moshi ukimtoa machozi, akiugeuza kwa koleo hadi ukawa makhalange, vile vibonge vya rangi ya udongo vyenye harufu ya mkate ulioungua kidogo. Hayo yote aliyajua tangu usichana. Kilichomshinda kilikuwa kimera. Alipoinamisha kibuyu cha kimera kilichoning'inia juu ya meko, zilitoka konzi tatu za unga wa wimbi na mende mmoja.

Pascalia, jirani yake, alichungulia kibuyuni. Kabla ya kuolewa huku, Pascalia aliwafulia nguo masista wa Mukumu, akatoka huko na Kilatini kidogo na ulimi mrefu.

"Konzi tatu? Hii itachachusha uji wa mtoto. Chungu kile kitalala kama maiti."

"Najua."

"Nenda kwa vijana wa kiwandani wakupe molasi. Kopo moja tu. Itachemka yenyewe."

"Pascalia, miwa ndiyo imenitoa yale maneno mdomoni. Leo nimkaribishe Were kwa miwa? Si ndiyo nitakuwa nimemwambia endelea?"

"Basi kanunue kimera Lugari. Kule kwa wale wenye mashamba ya wazungu wimbi bado iko."

"Cha kununua hakihesabiki."

Pascalia aliinua mikono. Beldina alitoka nje kupunga hewa, akashuka hadi ukingo wa shamba. Mwezi ule mapera yalikuwa yameiva hadi ndege wamekinai. Yalikuwa yamelala chini, yamepasuka, mekundu kwa ndani, na juu yake nyuki wakilewa mchana kweupe. Aliwatazama wale nyuki. Mmoja alijaribu kuruka, akaanguka ubavu.

Nyanya yake kule Bukura, wimbi ikipungua, alikuwa akitia ndizi mbivu kwenye busaa ya harusi, na watu waliimba hadi wakasahau kwao. Ndizi sasa hakuna, migomba ilishang'olewa. Lakini haya mapera je? Ni ya shamba lake. Hayakununuliwa. Hata kampuni haikuwa na habari nayo.

Alivua kanga akajaza mapera, akarudi mara nne. Yalijaza makarai mawili. Akayatia kwenye kinu na kuyatwanga.

"Utoe mbegu," Pascalia alisema.

"Mbegu zifanye nini? Busaa hailiwi kwa meno."

"Mimi nimesema tu. Mbegu za pera ni changarawe."

"Shika mchi, wacha Kilatini."

Walicheka. Mapera yakaingia chunguni na mbegu zake zote, juu ya makhalange na zile konzi tatu za kimera, na maji ya kisima. Siku ya kwanza chungu kilikaa kimya. Beldina alikiamkia mara tatu. Siku ya pili kilianza kunong'ona. Siku ya tatu kilikuwa kinachemka bila moto, povu limenyanyua kifuniko, na jiko zima linanuka kama kanisa siku ya mavuno. Rangi yake haikuwa ya busaa. Ilikuwa na wekundu kidogo, kama shingo ya mzungu iliyopigwa na jua. Beldina hakuonja. Ulimi ulimwasha kwa hamu, lakini hakuonja. Na kwa kuwa hakuonja, hakujua.

Jumamosi saa tisa Were alikuja. Alivaa koti la kampuni, lile wanalogawiwa wenye miwa mingi, na alibeba mrija wa marehemu baba yake, mrefu wa kutoka ukutani hadi ukutani, na kwenye ncha yake kile kichujio kidogo cha kusukwa kinachozuia machicha. Nyuma yake alikuja mkewe Jael na kigoda. Beldina alikuwa amekwisha kusafisha mrija wa Andati. Waliketi uani, chungu katikati, Mzee Shikanga akiwa amevaa tai. Pascalia alisimama mlangoni mwa jiko, na juu ya ua vichwa vya majirani watano sita, waliopita tu.

"Shemeji," Beldina alisema.

"Mm," Were alijibu, akikitazama chungu.

Beldina alimimina maji ya moto. Mvuke ukapanda na ile harufu yake. Were alipanua pua, akamtazama Jael, Jael akatazama miguu yake.

Shikanga alikohoa. "Hapa hatuna hotuba. Huyu mama alisema neno, na kila mtu alilisikia, hata wa ng'ambo. Leo analirudisha. Were, mwanangu, vuta."

Were aliuzamisha mrija, akaweka mdomo, akavuta.

Mashavu yake yaliingia ndani. Alipumzika, akavuta tena. Mara ya tatu mshipa wa shingo ukasimama kama kamba ya ng'ombe. Kisha akautoa mdomo.

"Haipandi," alisema.

"Vuta kama mtu aliyekula."

"Kuka, nimevuta. Haipandi."

Juu ya ua mtu alisema taratibu, "Yesu." Jael alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Miaka mitatu wote walikuwa wameliogopa neno lile bila kuliamini, na sasa liko mbele yao, limekaa ndani ya mrija.

"Beldina," Shikanga alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "kuna neno lingine umeliweka moyoni?"

"Hakuna, Kuka. Naapa kwa kaburi lile pale."

"Basi vuta wewe."

"Umesema nisitangulie…"

"Nimesema vuta!"

Beldina aliinama kwenye mrija wa marehemu mumewe. Alivuta kwa nguvu zake zote. Likapanda tone moja, moja tu, tamu na chachu na lenye mapera waziwazi, likamgusa ulimi. Kisha mrija ukafunga kabisa, kama umekanyagwa.

Tone lile lilimwambia kila kitu.

Were alikuwa ameshasimama. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa na hataki ionekane. "Nimesikia," alisema. "Neno bado liko. Jael, chukua kigoda twende."

Hapo Beldina alikuwa na njia mbili. Angenyamaza, watu wangesema ni wahenga wamekataa, na heshima yake ya mpishi ingebaki, na Jumatatu trekta ingepita. Au angesema kweli mbele ya majirani kwamba busaa ya kupatanisha ameipika bila wimbi, kama msichana asiyefundwa.

"Were, keti!" alifoka, kwa sauti ile ile ya siku ile. "Keti, nasema! Si neno. Ni mbegu!"

Alimpokonya mrija, akaugeuza, akaifungua ile kamba ya kichujio kwa meno. Akaking'uta juu ya kiganja chake. Zikatoka mbegu zimegandana kwa ute mwekundu, zimejipanga ndani ya msuko kama zilipimwa.

"Mbegu za nini?" Were aliuliza.

"Za mapera."

"Mapera? Ndani ya busaa?"

"Mimi nilisema atoe," Pascalia alitangaza kutoka mlangoni.

"Pascalia, nyamaza!"

Were alikitazama kile kiganja, kisha chungu, kisha Beldina. "Mulamwa, wewe shemeji yangu, unaniita hapa unipe mapera kama popo? Kimera chako kiko wapi? Wimbi yako iko wapi?"

"Wimbi yangu?" Beldina aliinuka. "Wimbi yangu unaniuliza wewe? Geuka. Geuka nyuma yako uone! Iko pale chini ya miwa yako, kipande cha tatu, mistari kumi na minne nilipanda kwa mkono wangu nikiwa na maombolezo! Ulitaka nikutolee wimbi wapi, kwa sikio? Nimekuwa na konzi tatu. Tatu! Nikaongeza kile kampuni ilisahau kuchukua. Kama si mapera, leo ungekuja kuvuta maji ya mvua!"

Vichwa vya juu ya ua viliongezeka. Were alifungua mdomo ajibu, na pengine lingetoka jibu baya, na hadithi hii ingekuwa nyingine. Aliyemwahi ni Jael. Jael, ambaye katika ndoa ya miaka ishirini na sita majirani hawakumsikia akipaza sauti ila kuita mbuzi.

"Na sisi je?" alimwuliza mumewe. "Baba Onesmus, sisi tuna wimbi?"

"Wewe nawe…"

"Nauliza tu. Uji unaokunywanga asubuhi unajua unga natoa wapi? Natoa kwa dada yangu Kageha kule Lugari, ananipa kwa karatasi kama dawa. Mwaka wa tatu. Sikukuambia kwa sababu ungesema nakuaibisha, mtu mwenye koti. Tuna miwa mpaka dirishani, na unga wa obusuma, huo ugali wako, nakopa kwa huyu." Akamwonyesha Beldina kwa kidevu. "Ndiyo, kwa huyu. Hutaki kunywa maji yake, lakini umekuwa ukila mahindi yake tangu Krismasi. Kwa hivyo hilo neno lenu, mimi nililivunja zamani sana."

Beldina alimtazama Jael. Ni kweli alikuwa akimpa unga kupitia uani, kopo la gorogoro baada ya kopo, bila maneno. Alidhani Jael anawalisha wakata miwa.

Were aliketi. Hakuketi kwenye kigoda, alikikosa, akaketi chini, na koti lake likakunjamana mabegani kama la mtu mwingine.

Mzee Shikanga alichukua mbegu moja kutoka kiganjani mwa Beldina, akaitia mdomoni, akaizungusha kwenye fizi zake zisizo na jino. "Ngumu," alisema. "Ngumu sana. Lakini tamu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba mzee anacheka. "Mimi nimeogopa!" alisema, akipangusa macho kwa tai. "Enyi watoto, nimeogopa mpaka mkojo! Nimesema, Shikanga, leo wahenga wamekuja kweli, na wewe hukuwalipia hata kuku!"

Kicheko kilianzia kwake kikaruka ua. Pascalia alichuchumaa mlangoni akishika mbavu. Jael alicheka huku analia. Beldina hakucheka bado. Alimtazama Were, ambaye alikuwa anautazama ule mkono wa Beldina wenye mbegu.

"Kuka," Were aliuliza, "sasa tunafanyaje? Mrija hauvuti."

"Kwani alisema mrija?" Shikanga alisema. "Alisema mkono. Huo hapo mkono. Mwambie akuchujie."

Pascalia alishaleta leso safi. Beldina aliitandaza juu ya sufuria, akamimina busaa kwa kata, akaikusanya leso na kuikamua kwa mikono yote miwili, vidole vikizama, ute mwekundu ukimtiririka hadi viwiko. Mbegu na machicha vikabaki kwenye nguo. Akajaza kibuyu. Hakukiweka chini mbele ya Were kama mgeni anavyowekewa. Alimshikia mdomoni, kwa mkono wa kulia.

Were alikunywa.

Alikunywa funda la kwanza kama mtu anayepewa dawa ya minyoo. La pili alilishikilia mdomoni, akanyanyua nyusi. La tatu hakulihesabu mtu, kwa sababu alikuwa ameushika mkono wa Beldina pamoja na kibuyu na hakuuachia hadi kikaisha.

"Imekwisha," Shikanga alisema upesi. "Neno limerudi. Na mimi je? Mimi niliyekaa katikati, nitakaa hivi hivi kama nguzo ya ua?"

"Kuka, subiri, naongeza," Were alisema, akirudisha kibuyu. "Mulamwa, nipe tena. Hii kitu… mbona sikujua?"

"Hukuuliza."

Walikamua chungu kile pamoja, Beldina na Jael, leso moja, huyu akisokota huku na yule kule. Majirani waliokuwa wakipita tu waliacha kupita. Kila mtu alipata japo kikombe, na kila mtu alitema mbegu moja mbili zilizoponyoka, na kila aliyetema alichekwa.

Lakini Beldina alikuwa bado hajameza kitu kwa raha, maana trekta ilikuwa bado iko njiani. Alipoona jua limeanza kugusa miwa, alipangusa mikono, akaketi mbele ya shemeji yake.

"Shemeji, Jumatatu trekta inakwenda wapi?"

Were alikiweka kibuyu chini. "Nilitia sahihi ekari tano," alisema. "Nikipunguza, hawaleti trekta, hawaleti mbolea, na miwa iliyokomaa wanaiacha ikauke shambani. Wamefanyia watu. Sikutaka kipande chako, Beldina. Nilikuwa nimeishiwa mashamba."

"Wanakufunga kamba shingoni halafu wanakugawia koti," Pascalia alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Kwa hivyo?" Beldina aliuliza.

Were alitazama mbali, upande wa nyumba yake, pale penye nyasi nzuri alipofunga ng'ombe wake wanne, wale anaowataja kwa majina hata kanisani.

"Watachukua pale kwa ng'ombe," alisema. "Ukubwa ni ule ule. Kesho baada ya ibada nitamwona nyapara abadilishe orodha."

"Na ng'ombe?" Jael aliuliza.

"Ng'ombe watafungwa kando ya barabara, kama wa wenzao." Akakohoa. "Mtu hawezi kula kwa jirani na kumlima jirani huyo huyo. Hata mimi najua hivyo."

Beldina alichukua leso akaenda kuifua, ingawa maji yalikuwa hayatoshi.

Hata hivyo hakulala vizuri usiku wa Jumapili. Orodha za kampuni alizijua: lililoandikwa halifutiki kirahisi, na nyapara anaweza kusema ndiyo kanisani na asahau akifika ofisini. Jumatatu alfajiri kulipokucha aliisikia. Ngurumo ile ilianza barabarani, ikaingia njia ya kwao, mabati yakatetemeka. Alitoka na jembe mkononi bila kujua ni la nini, akasimama katikati ya mahindi yake.

Trekta ilitokeza kwenye kona. Dereva aliinama akauliza kitu. Na pale kwenye njia panda, akiwa kifua wazi, bila koti, Were alikuwa amesimama ameinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwake nyumbani, kama mtu anayeswaga ng'ombe mkaidi.

"Huku!" alipaza sauti. "Huku, nimekuambia! Pale chini ni kwa wenyewe!"

Trekta ilikoroma, ikarudi nyuma kidogo, ikakata kushoto. Baada ya muda sauti ya majembe yake ilisikika ikipasua zile nyasi nzuri. Kampuni ilipata ekari zake tano. Kampuni haijawahi kukosa. Lakini mahindi ya Beldina yalikuwa yamesimama, na umande bado uko juu yake, na hakuna tairi lililoyagusa.

Aliketi pale pale kwenye mtaro, na ndipo aliposikia njaa. Haikuwa njaa ya asubuhi hiyo. Ilikuwa ya siku kumi, imekuja yote kwa pamoja, hata ikamfanya acheke peke yake kwa sauti. Aliingia jikoni akakuta obusuma ya jana, baridi, ngumu pembeni. Hakuipasha moto. Aliila yote kwa kunde zilizobaki kwenye sufuria, akikwangua hadi ukoko, akanywa maji kata mbili. Kisha akajilaza kwenye mkeka pale pale jikoni, mlango wazi, jua likiingia, kuku wakimruka miguu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika boma lile, Beldina alilala usingizi mzito asubuhi ya siku ya kazi, na Pascalia alipopita na kumwona alivuta mlango taratibu, akawakataza wapita njia wasipige kelele.